Jedwali la Namba Linapogeuka Umbo: Kompyuta na Uchoraji wa Irabu katika Pande Tatu

1.0 UTANGULIZI

Mchoro wa irabu ni miongoni mwa vielelezo vinavyotumika sana katika fonetiki. Mwanafunzi wa isimu hukutana nao mapema: i juu kushoto, u juu kulia, a chini katikati. Mchoro huo ulipoanza kutengenezwa kutokana na vipimo vya sauti, badala ya maelezo ya mahali ulimi unapokaa, mihimili yake miwili ilipewa majina mapya, yaani fomanti ya kwanza na fomanti ya pili, lakini umbo lake lilibaki lile lile la bapa. Kwa lugha kama Kiswahili, ambayo irabu zake ni tano tu na zimeachana vizuri, bapa hilo latosha kwa mahitaji mengi. Taabu huanza pale ambapo irabu mbili ambazo sikio la mwenye lugha halizichanganyi huonekana katika mchoro zikiwa zimelaliana. Hapo mtafiti hukabiliwa na swali zito: je, tofauti hiyo haipo, au ipo lakini mchoro hauna mahali pa kuiweka?

Swali hili si la michoro peke yake. Idadi ya irabu za lugha huamua herufi zitakazowekwa katika tahajia yake, alama zitakazowekwa katika kamusi, na jinsi mwalimu atakavyofundisha kusoma. Kielelezo kibaya kinaweza kuifuta irabu ambayo wenye lugha wanaitumia kila siku.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, ni kueleza jinsi jedwali la namba linavyoweza kugeuzwa, kwa njia ya programu ya kompyuta, likawa umbo la pande tatu ambalo mtazamaji huweza kulizungusha apendavyo. Pili, ni kuonyesha kwa mfano wa data inayojulikana kwamba faida ya umbo hilo haimo katika picha bali katika mzunguko wenyewe. Na kwamba picha ile ile ikisimamishwa katika pembe isiyofaa huweza kupotosha kuliko hata bapa la zamani.

2.0 DATA: JEDWALI LA MWAKA 1952

Mtu anapotamka irabu, hewa iliyomo katika koo na kinywa hutetemeka kulingana na umbo la mkondo huo. Nguvu ya sauti hukusanyika katika sehemu fulani za mitetemo na kupungua katika sehemu nyingine. Vilele hivyo vya nguvu ndivyo viitwavyo fomanti, navyo huhesabiwa kuanzia chini: F1, F2, F3 na kuendelea. Kwa jumla, F1 hupanda kadiri kinywa kinavyofunguka na ulimi kushuka, na F2 hupanda kadiri ulimi unavyosogea mbele. F3 haina maelezo mepesi ya namna hiyo, na pengine ndiyo sababu imeachwa nje ya michoro mingi.

Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney, waliokuwa wakifanya kazi katika Bell Telephone Laboratories nchini Marekani, walichapisha uchunguzi ambao hadi leo hurejelewa na wanafonetiki. Walirekodi wasemaji 76, yaani wanaume 33, wanawake 28 na watoto 15. Kila msemaji alisoma maneno kumi ya Kiingereza yenye irabu kumi tofauti kati ya konsonanti h na d, akayasoma mara mbili. Jumla ya matamshi ni 1,520. Kwa kila tamshi zilipimwa namba nne: kiwango cha msingi cha mitetemo ya sauti, F1, F2 na F3. Kwa hiyo jedwali zima lina namba 6,080.

Wastani wa baadhi ya irabu hizo kwa wanaume, kwa mitetemo kwa sekunde (Hz), ni kama ufuatao:

Neno — F1 — F2 — F3
heed — 270 — 2290 — 3010
head — 530 — 1840 — 2480
hod — 730 — 1090 — 2440
hood — 440 — 1020 — 2240
who'd — 300 — 870 — 2240
heard — 490 — 1350 — 1690

Msomaji atatambua mara moja kwamba neno la mwisho lina tabia ya pekee. F3 yake ni 1690, ilhali hakuna neno lingine katika orodha hii ambalo F3 yake imeshuka chini ya 2240. Irabu hiyo hutamkwa kwa namna ya r, na kushuka kwa F3 ndiyo alama yake kuu. Katika mchoro wa F1 na F2 uliochapishwa na watafiti hao, eneo la irabu hii limeingiliana na maeneo ya jirani zake. Hata hivyo, waliposikilizishwa wasikilizaji, irabu hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotambuliwa kwa urahisi zaidi. Sikio lilikuwa likitumia habari ambayo bapa halikuwa nayo.

3.0 JINSI NAMBA ZINAVYOGEUZWA KUWA UMBO

3.1 Safu za namba ndani ya kompyuta

Kwa kompyuta, jedwali ni mpangilio wa namba za aina moja, ambamo kila namba hupatikana kwa kutaja safu mlalo na safu wima yake. Katika mfano huu kila safu mlalo ni tamshi moja na kila safu wima ni kipimo kimoja. Katika lugha ya programu iitwayo Python, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kazi hii hufanywa aghalabu kwa maktaba ya NumPy, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka 2006.

Yafaa kusisitiza kwamba kompyuta haijui maana ya safu yoyote. Haijui kwamba safu hii ni F1 na ile ni F3, wala haijui kwamba safu mlalo ishirini za kwanza ni za mtu mmoja. Maana hiyo huwekwa na mtafiti. Akikosea mpangilio, mashine itachora umbo zuri kabisa lisilo na ukweli wowote, na haitatoa onyo.

3.2 Kitovu na vipimo

Hatua ya kwanza ni kukifanya kila kipimo kihesabiwe kutoka katikati ya data. Programu hutafuta wastani wa kila safu wima, kisha huutoa katika kila namba ya safu hiyo. Kwa njia hii kundi zima la nukta hukaa likiuzunguka mkutano wa mihimili mitatu, na likizungushwa halitoki nje ya skrini.

Hatua ya pili ni kuchagua vipimo vya mihimili, na hapa ndipo uamuzi wa kitaalamu huingia bila kupiga hodi. Katika wastani wa wanaume kwa irabu zote kumi, F1 huanzia 270 hadi 730, yaani upana wa 460. F2 huanzia 840 hadi 2290, yaani upana wa 1450. Programu nyingi, zisipoelekezwa vingine, huvuta kila mhimili ulingane na mwingine ili mchoro ujae vizuri katika mchemraba. Maana yake ni kwamba tofauti ya F1 hukuzwa zaidi ya mara tatu ikilinganishwa na tofauti ya F2. Huenda jambo hilo likawa sawa, kwa kuwa sikio la binadamu lenyewe hutambua tofauti ndogo za mitetemo ya chini kuliko za mitetemo ya juu. Kipimo cha mel, kilichopendekezwa mwaka 1937, kilitungwa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kukuza kwa ajili ya sikio ni jambo moja, na kukuza kwa ajili ya kujaza skrini ni jambo jingine. Mtafiti asiyechagua, programu humchagulia.

3.3 Mzunguko na kivuli

Skrini ni bapa. Hakuna hila ya programu inayoweza kubadili ukweli huo. Kila picha ya pande tatu inayoonekana juu yake ni kivuli cha umbo, kama vile kivuli cha kitu kilichoshikwa mbele ya taa. Sinia likielekezwa usoni kwa taa hutoa kivuli cha duara. Likielekezwa ubavu hutoa kivuli cha mstari. Vivuli vyote viwili ni vya kweli, na wala hakuna hata kimoja kilicho sinia.

Programu hutengeneza kivuli kwa hesabu nyepesi. Chukua F1 iwe mhimili wa wima usiobadilika, na umbo lizungushwe kuuzunguka kwa pembe fulani. Mahali papya pa kila nukta katika mlalo wa skrini hupatikana kwa kuzidisha F2 kwa kosaini ya pembe hiyo, kisha kutoa F3 iliyozidishwa kwa saini ya pembe hiyo hiyo. Pembe ikiwa 0, mlalo ni F2 tupu, nao ni mchoro wa kawaida wa vitabu. Pembe ikiwa digrii 90, F2 hutoweka na mlalo huwa F3 tupu, kwa mwelekeo uliopinduliwa. Katikati ya pembe hizo mbili, mlalo ni mchanganyiko wa zote mbili.

Mzunguko wa upande wowote huweza kuelezwa kwa jedwali dogo la namba tisa, tatu kwa tatu, ambalo huzidishwa na kila nukta. Kwa nukta 1,520 kuzidisha huko hufanyika mara 13,680 kwa kila picha. Kwa kompyuta ya leo, hata iliyo ndogo, kazi hiyo ni haba sana.

3.4 Kuitika kwa mchoro

Kinachoutofautisha mchoro huu na picha ya kitabuni ni kwamba unamwitikia mtazamaji. Programu hukaa ikisubiri. Mtumiaji anapobofya na kuvuta kipanya, programu hupokea umbali wa mvuto huo, huugeuza kuwa pembe, hukokotoa upya mahali pa nukta zote, hufuta picha ya zamani na kuchora mpya. Mzunguko huo wa kazi hurudiwa mara nyingi kwa sekunde. Ukienda mara 60 kwa sekunde, kila picha ina chini ya sehemu 17 za elfu za sekunde kukamilika. Ukichelewa sana, jicho huacha kuona umbo moja linalogeuka na badala yake huona mfululizo wa picha zilizokatika.

4.0 KWA NINI KUZUNGUSHA HUONYESHA KINA

Jambo la kwamba mwendo huweza kulipa bapa kina lilichunguzwa kabla ya kompyuta kuwa na skrini za kuchorea. Mwaka 1953 Hans Wallach na D. N. O'Connell walieleza majaribio ambamo waliangaza umbo la waya nyuma ya pazia linalopitisha mwanga, kisha watazamaji wakaonyeshwa kivuli chake. Kivuli kilipotulia, wengi waliona mistari bapa. Umbo lilipozungushwa, kivuli kile kile kilionekana kuwa kitu chenye kina. Jicho hulinganisha jinsi sehemu mbalimbali za kivuli zinavyobadilika pamoja, na ubongo hutafuta umbo moja thabiti linaloweza kutoa mabadiliko hayo yote.

Ivan Sutherland, kwa programu yake ya Sketchpad ya mwaka 1963, alionyesha kwamba mtu huweza kuchora na kubadili michoro moja kwa moja juu ya skrini ya kompyuta. Lakini waliouleta mzunguko katika uchunguzi wa majedwali ya namba ni Mary Anne Fisherkeller, Jerome Friedman na John Tukey, katika kituo cha Stanford Linear Accelerator Center nchini Marekani. Programu yao, PRIM-9, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliweza kushughulikia data yenye hadi safu wima tisa. Mtumiaji aliweza kuchagua safu, kuzungusha kundi la nukta, kulitenga kundi dogo na kuficha nukta asizozitaka kwa muda. Wakati huo kazi hiyo ilihitaji mashine ambazo vyuo vichache tu duniani viliweza kuzimiliki.

Hali hiyo imebadilika kabisa. Kiwango cha OpenGL kilitolewa mwaka 1992 ili programu ziweze kuagiza michoro ya pande tatu kwa namna moja katika mashine mbalimbali. Maktaba ya VTK ilianza mwaka 1993 kwa ajili ya michoro ya kisayansi, na Matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter, ilitolewa mwaka 2003. Maktaba hizi mbili hupatikana bila malipo. Mhadhiri mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kufanya yale ambayo PRIM-9 iliyafanya, na kwa mistari michache ya programu. Kikwazo kilichobaki si mashine. Ni kujua cha kutafuta katika umbo hilo.

5.0 MFANO: PEMBE MBILI, HABARI MBILI

Irabu tatu za jedwali lililotolewa hapo juu zatosha kuonyesha faida na hatari ya mzunguko. Irabu hizo ni za maneno heard, hood na head.

Tuanze na jozi ya heard na hood. Tofauti ya F1 baina yao ni 50 tu. Tofauti ya F2 ni 330 na tofauti ya F3 ni 550. Katika mchoro wa kawaida, wenye pembe 0, umbali wao wa mlalo ni 330. Umbo likizungushwa digrii 30, umbali huo huwa karibu 561. Kwenye digrii 59 hufikia kilele chake, yaani karibu 641, kisha huanza kupungua tena hadi 550 kwenye digrii 90. Maana yake ni kwamba pembe inayozitenga irabu hizi mbili vizuri zaidi si ile ya F2 peke yake wala ile ya F3 peke yake. Ni pembe iliyo katikati, ambayo haina jina katika kitabu chochote cha fonetiki, na ambayo mtazamaji huifikia kwa kuvuta kipanya hadi nukta zikaachana.

Ikiwa makala haya yangekomea hapo, ingeonekana kwamba mchoro wa kuzungushwa ni dawa isiyo na madhara. Lakini jozi ya pili yatoa funzo tofauti. Baina ya heard na head, F1 hutofautiana kwa 40, F2 kwa 490 na F3 kwa 790. Umbali wao halisi, kwa kuzingatia mihimili yote mitatu, ni karibu 930. Katika pembe 0 zimeachana kwa 490 katika mlalo. Lakini umbo likizungushwa kwa mwelekeo ule ule uliozitenga heard na hood, nukta za heard na head husogeleana, na kwenye digrii 32 hivi huwa zimesimama katika mstari mmoja wa wima. Kinachozitenga hapo ni ile tofauti ya 40 ya F1 tu. Irabu mbili zilizoachana kwa 930 huonekana kana kwamba zimeachana kwa 40.

Hakuna kosa lolote lililofanywa katika hesabu hiyo. Programu imefanya kazi yake barabara. Irabu moja imesimama nyuma ya nyingine, kama mtu aliyesimama nyuma ya mwenziwe katika picha. Mtazamaji aliye mbele ya skrini hapotezwi na jambo hili, maana akivuta kipanya kidogo tu nukta hizo hutengana. Anayepotezwa ni msomaji wa jarida, ambaye amepewa picha iliyochapishwa kwa digrii 32 na hana njia ya kuigeuza.

Ndipo inapobainika kwamba umbo la pande tatu si picha bora kuliko bapa. Likisimamishwa, lenyewe huwa bapa, tena bapa ambalo mihimili yake haisomeki kwa urahisi. Mchoro wa zamani wa F1 na F2 una upungufu, lakini angalau upungufu wake unajulikana: kila msomaji anaweza kupima namba zake kwa rula. Picha iliyosimamishwa ya pande tatu ina upungufu uliofichika nyuma ya uzuri.

6.0 NYUSO NA MILIMA

Mambo yaliyoelezwa kufikia hapa yahusu nukta zilizotawanyika. Iko aina nyingine ya data ya lugha ambayo huchorwa kama uso unaoendelea, nayo ni spektrogramu. Chombo cha kutengenezea spektrogramu kilielezwa hadharani na Bell Telephone Laboratories mwaka 1946, na picha zake zilikuwa karatasi ambazo weusi wake ulionyesha nguvu ya sauti. Kwa kompyuta, spektrogramu ni jedwali: safu wima ni nyakati, safu mlalo ni viwango vya mitetemo, na namba iliyo katika kila chumba ni nguvu.

Chukua sekunde moja ya usemi iliyorekodiwa kwa vipimo 16,000 kwa sekunde. Ikigawanywa katika vipande vya vipimo 256, na kipande kipya kikianza kila baada ya sehemu 5 za elfu za sekunde, hupatikana jedwali la nyakati 200 hivi kwa viwango 129, ambavyo vimeachana kwa Hz 62.5. Namba za nguvu zikichukuliwa kuwa vimo, jedwali hugeuka nchi ya milima na mabonde. Fomanti huwa safu za milima zinazopinda kadiri usemi unavyoendelea, na konsonanti za kuzuia hewa huwa mabonde ya ghafla.

Ili kuichora nchi hiyo, programu huunganisha kila nukta nne zilizo jirani kwa pembetatu mbili. Kwa jedwali hili zitahitajika pembetatu 50,944. Msomaji atazame vizuri maana ya jambo hilo. Kilichopimwa ni zile pembe tu za pembetatu. Sehemu yote ya ndani, yaani karibu kila kitu ambacho jicho huona kuwa ni uso, imejazwa na programu kwa kukisia baina ya vipimo. Kilele cha fomanti kikiangukia baina ya viwango viwili vilivyopimwa, uso utakionyesha kifupi kuliko kilivyo, tena mahali pasipo pake. Kwa sauti ya mtoto, ambayo mitetemo yake ya msingi huwa ya juu, ugumu huzidi, maana nguvu hupatikana tu katika viwango vilivyoachana kwa umbali mkubwa. Mlima unaoonekana huenda ukawa ni mmojawapo wa viwango hivyo wala si fomanti yenyewe.

Aidha, milima huficha. Mlima wa F1, ambao aghalabu ndio mrefu kuliko yote, ukiwa mbele ya mtazamaji huyakinga mabonde yaliyo nyuma yake. Kwa hiyo nyuso zahitaji kuzungushwa kuliko hata nukta. Rangi na vivuli ambavyo programu huongeza ili uso upendeze havitokani na sauti hata kidogo. Hutokana na taa ya kubuni ambayo mtungaji wa programu ameiweka mahali alipotaka.

7.0 LUGHA ZA KENYA NA MCHORO WA IRABU

Je, mambo haya yana uzito gani kwa wachunguzi wa lugha za Kiafrika? Jibu laweza kupatikana karibu. Dholuo huandikwa kwa herufi tano za irabu, lakini wataalamu wengi huhesabu irabu tisa. Irabu hizo hugawanyika katika makundi mawili kulingana na jinsi shina la ulimi linavyosogezwa na koromeo kupanuliwa au kubanwa, na kwa kawaida irabu za neno moja hufuatana kwa kundi. Maa ina mfumo wa namna hiyo pia.

Katika lugha kadha zenye mifumo ya aina hii imeonekana kwamba irabu ya juu ya kundi la koromeo lililobanwa na irabu ya kati ya kundi la koromeo lililopanuliwa hukaribiana sana katika F1 na F2. Sikio la mwenye lugha huzitenga, na sarufi ya mfuatano wa irabu huzitenga, lakini bapa huzilaza pamoja. Mara nyingi tofauti hutafutwa katika vipimo vingine, kama vile ubora wa sauti na jinsi nguvu inavyopungua kutoka mitetemo ya chini kwenda ya juu. Vipimo hivyo vikiongezwa katika jedwali kama safu wima ya tatu au ya nne, mtafiti huweza kuchagua tatu kati yake na kuzungusha umbo hadi aone kama makundi hutengana au la.

Maneno "au la" ni ya lazima. Kwa kuwa kuna pembe zisizo na idadi, mtu mwenye nukta chache na hamu kubwa anaweza kuzungusha hadi apate pembe moja ambamo makundi yameachana kwa bahati tu. Ushahidi wa kweli ni ule unaosimama hata data ikigawanywa: pembe ipatikane kwa matamshi ya wasemaji wengine, kisha ijaribiwe kwa matamshi ya wasemaji ambao hawakutumika kuitafuta. Tena mzunguko haushindi sikio. Pale ambapo mwenye lugha hutofautisha maneno mawili na umbo halionyeshi tofauti, uamuzi wa busara ni kwamba kipimo kinachohitajika bado hakijaingizwa katika jedwali.

Kutokana na yaliyoelezwa, yapasa mchapishaji wa mchoro wa pande tatu atimize masharti machache. Ataje pembe ambayo picha imechukuliwa, na atoe pembe zaidi ya moja. Ataje kama mihimili imeachwa katika vipimo vyake vya asili, imegeuzwa kufuata sikio, au imevutwa ilingane. Pale alipochora uso, nukta zilizopimwa zionekane juu yake. Zaidi ya yote, jedwali lenyewe lipatikane. Hesabu ya sehemu ya tano ya makala haya imewezekana zaidi ya nusu karne baada ya uchunguzi wenyewe kwa sababu Peterson na Barney walichapisha wastani wa F3 pamoja na F1 na F2, ingawa mchoro wao mashuhuri haukuwa na nafasi ya F3. Kama wangechapisha mchoro peke yake, irabu ya heard ingebaki imelaliwa na jirani zake hadi leo.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kueleza jinsi safu za namba zinavyogeuzwa kuwa umbo la pande tatu: kwanza zikawekwa katikati, kisha zikapimwa, zikazungushwa, zikatupwa bapani kama kivuli, na zikachorwa upya kila mkono wa mtazamaji unapotikisika. Imeonyeshwa kwamba kina kinachoonekana hakimo katika picha yoyote moja, bali katika uhusiano wa picha nyingi zinazofuatana. Mzunguko umeitenga irabu ambayo bapa liliichanganya na jirani zake. Na pembe moja mbaya imezifunika irabu mbili zilizo mbali sana.

Mwanaisimu basi ana sababu ya kujifunza utungaji wa programu kwa kiasi hiki, angalau apate kujua ni maamuzi gani yaliyofanywa kwa niaba yake. Lugha nyingi za eneo hili bado hazijapimwa irabu zake kwa wasemaji wa kutosha, wa kike na wa kiume, wazee na watoto. Kazi hiyo ya kupima, kuandika na kuhifadhi majedwali ndiyo iliyo ngumu na ndiyo itakayodumu, kwa sababu jedwali lililohifadhiwa vyema laweza kuchorwa upya na kila kizazi kwa vyombo vyake.